Usiipige msasa kwanza: plagi na pointi zilizochakaa zikiwekwa chini ya hadubini

Masika haya Tanga mvua imenyesha mpaka barabara za Ngamiani zimekuwa mito, na Corolla yangu ya miaka ya tisini ikaanza tabia moja mbaya. Alfajiri haiwaki, au ikiwaka inamisi, inatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu ikifika saa nne jua limeshapanda inakuwa nzima kabisa utadhani siyo yenyewe. Nikaipeleka gereji. Fundi wangu ni mtu mzima, mi namwita mzee na yeye ananiita mgosi kama anavyoita kila mtu, akafungua plagi zote nne, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, akazipanga juu ya injini, akatoa kipande cha msasa mfukoni aanze kuzisugua. Nikamwambia, mzee samahani, naomba usiziguse kwanza.

Akanishangaa, na ana haki ya kushangaa maana kazi hiyo kaifanya miaka mingi na magari yanatoka pale yanatembea. Lakini kupiga msasa plagi kabla hujaiangalia ni sawa na kufagia uwanja asubuhi kabla hujaangalia nyayo za mwizi aliyeingia usiku. Uwanja utakuwa msafi kweli ila mwizi humjui, na kesho anarudi. Kila cheche iliyoruka pale imeacha alama yake kwenye chuma, na alama hizo zina mpangilio, zinasema cheche ilikuwa inatokea wapi, inaenda wapi, na nini kilikuwa kinaizuia. Shida ni kwamba ni ndogo, kwa macho matupu unaona weusi tu na kutu.

Sasa mlango wa tatu kutoka gereji yupo kijana fundi simu, ana hadubini yake ya kuchomea vile vidude vya kwenye bodi ya simu. Tukaenda.

Niseme kabisa ni hadubini ya aina gani, maana watu wengi wakisikia hadubini (wengine wanasema darubini, sawa tu) wanawaza ile ya maabara ya hospitali ya kutafutia malaria. Ile haifai kwa kazi hii. Mwanga wake unatoka chini, unapita kwenye tone la damu lililopakwa juu ya kioo mpaka jichoni, sasa plagi ni chuma na mwanga haupiti kwenye chuma, utaona kivuli cheusi basi. Tena inakuza mno, mara 400, mara 1,000, na ikikuza hivyo sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba sana, ukikiona kilele huoni bonde lake. Inayotakiwa ni hii ya fundi simu, ina sehemu mbili za kuchungulia, inakuza kama mara 7 mpaka 45 hivi, mwanga unatoka juu, na kwa kuwa kila jicho linaangalia kwa pembe yake unaona kina, unajua kabisa hapa ni shimo na hapa ni kilima.

Na kuna kitu kuhusu mwanga ambacho ukikikosa utarudi nyumbani mikono mitupu. Hadubini hizi zina taa ya duara iliyozunguka lenzi. Kwa bodi ya simu ni nzuri, kwa chuma kilicholiwa siyo nzuri, kwa sababu inamulika kutoka pande zote na inafuta vivuli. Tulipoweka plagi ya kwanza tuliona uso wa kijivu tu, tambarare, hamna kitu. Kijana akazima ile taa, akawasha tochi ya simu akailaza ubavuni kwa plagi, karibu kabisa iguse meza. Aisee. Mashimo yakatokea yote. Ni kama ufukweni Raskazone, saa sita mchana mchanga unauona umelala tu, njoo saa kumi na mbili jioni jua liko chini, kila unyayo wa kaa una kivuli chake.

Ili uelewe kilichoonekana inabidi ujue cheche inazaliwaje, nitapita haraka. Betri ni volti 12. Volti 12 haziruki hata upana wa unywele, hewa ya kawaida ukiwa chini ya volti 300 hivi hairukiki kabisa hata usogeze vyuma kiasi gani. Kwa hiyo kuna koili, ndani ina nyaya mbili zimezungushwa kwenye chuma kimoja, moja nene ya mizunguko michache na moja nyembamba ya mizunguko mingi sana. Unapitisha umeme kwenye ile nene, ampia tatu nne hivi, chuma kinakuwa sumaku, halafu unaukata ghafla. Sumaku inaanguka kwa kishindo, na kule kwenye waya mwembamba zinatokea volti 15,000, 20,000, hata 30,000 na zaidi. Kazi yote iko kwenye lile neno ghafla. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeuweka mfumo huu kwenye magari, ukafungwa kwenye Cadillac za 1910, na mpaka leo gari la petroli lenye kompyuta nne linafanya jambo lile lile, kilichobadilika ni nani anayekata umeme.

Halafu kuna sheria ya Mjerumani Friedrich Paschen ya mwaka 1889 ambayo mafundi wetu wanaiishi bila kujua jina lake: volti zinazohitajika kuruka nafasi zinategemea ukubwa wa nafasi ukizidisha na mgandamizo wa hewa. Ndani ya silinda hewa imebanwa sana kuliko hapa nje. Ndiyo maana unaweza kuchomoa plagi, ukaiegemeza kwenye injini, ukaona inatoa moto mzuri wa bluu, ukairudisha na gari bado inamisi. Plagi ilikuwa inaruka hewa nyepesi ya nje, ya ndani inaishinda. Na kila nafasi ya plagi, yaani ule mwanya kati ya ncha ya kati na mkono wa juu uliopinda, ikitanuka kwa kuchakaa, volti zinazotakiwa zinapanda, mpaka umeme unaona njia ya kwenye ncha ni ngumu unatafuta njia ya mkato kwingine. Hiyo njia ya mkato ndiyo mwizi wetu, nitarudi kwake.

Tuanze na plagi zenyewe. Kijana alikuwa na plagi mpya moja ya aina ile ile tukaiweka pembeni ya zangu, na nakushauri usiangalie kilichochakaa bila kizima pembeni, jicho linadanganywa kirahisi sana. Ile mpya ncha yake ya kati ina ukingo mkali kama sarafu, na usoni ina mistari ya duara iliyoachwa na mashine iliyoichonga. Yangu ukingo haupo. Umelika umekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Sababu yake ni kwamba umeme unapenda kona, kwenye kona kali nguvu zake zinajikusanya na cheche inaanzia pale, kwa hiyo kona ndiyo inayoliwa kwanza, na kona ikiisha cheche inapata shida zaidi kuanza. Kwa hiyo plagi ya namna hii inakuwa na matatizo mawili kwa pamoja, nafasi imetanuka na kona hamna. Kitabu cha gari kinasema 0.8 milimita, nilipopima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, nikapata karibu 1.1.

Uso wenyewe chini ya mara 40 unafanana na ganda la chungwa la Muheza, vishimo vimepandana, kimoja kimekula ukingo wa mwenzake, na katikati yake kuna vitone vinang'aa kama zebaki. Vile vitone ni metali iliyoyeyuka ikaganda tena. Cheche ni fupi mno, inakaa kama sehemu moja au mbili tu za elfu ya sekunde, lakini pale inapogusa ni joto la kuyeyusha nikeli, na nikeli inayeyuka kwenye digrii 1,455. Kila cheche inaondoka na chembe. Piga hesabu, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila plagi inatoa cheche 1,500 kwa dakika, kwa hiyo mtu akitoka Tanga kwenda Dar kwa saa tano za mwendo huo kila plagi imeruka mara 450,000. Safari moja tu hiyo.

Ndiyo maana plagi ya nikeli watengenezaji wengi wanasema ibadilishwe kwenye kilomita 20,000 mpaka 30,000 hivi, na zile za platinamu na iridiamu zinapewa hata 100,000. Platinamu inayeyuka digrii 1,768, iridiamu 2,446. Na kwa kuwa iridiamu ni ngumu kuliwa wanaweza kutengeneza ncha nyembamba sana, watengenezaji wa plagi Denso wana ya milimita 0.4 na NGK wana ya 0.6, ncha nyembamba ni kona tupu kwa hiyo cheche inaanza kwa volti chache. Sasa mtu akichukua brashi ya waya akaisugua ncha ya milimita 0.4, unafikiri nini kinabaki?

Na brashi ya waya ina madhara mengine ambayo mi sikuyajua mpaka nilipoyaona. Mzee alitupa plagi moja ya zamani aliyoisafisha yeye mwenyewe, tukaangalia ile kaure nyeupe inayozunguka ncha, tukakuta mistari myembamba ya rangi ya fedha imelala juu yake. Ni chuma cha brashi. Kaure ni ngumu kuliko waya, kwa hiyo waya ndio unaolika na kuacha uchafu wake juu ya kaure, kama chaki ubaoni. Kaure kazi yake ni kuzuia umeme, sasa umeichorea barabara za chuma. Mzee aliangalia muda mrefu bila kusema, akainua kichwa akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naiharibu." Nikamwambia mzee, wote tumefundishwa hivyo.

Kuna jambo la plagi ambalo linawagombanisha sana watu na wauza spea. Kuna magari, mengi tu hapa mjini, yana injini ya plagi nne lakini koili mbili, kila koili inahudumia plagi mbili kwa mpigo. Ukizifungua baada ya muda unakuta mbili zimelika ncha ya kati na mbili nyingine zimelika ule mkono wa juu uliopinda, ncha ya kati iko nzuri. Mtu anasema nimeuziwa mbili orijino mbili feki. Hapana. Kwenye mpangilio ule umeme unapita kwenye plagi moja ukielekea huku, halafu unarudi kupitia ya pili ukielekea kule, kwa hiyo kwenye moja upande hasi ni ncha ya kati na kwenye nyingine upande hasi ni ule mkono. Upande hasi ndio unaopigwa na chembe nzito za hewa iliyochajiwa, ndio unaoliwa zaidi. Ukiona mbili mbili hivyo, ni mfumo unafanya kazi yake.

Kuhusu rangi za masizi sitakaa sana, kila gereji ina ule mchoro ukutani, nyeusi kavu ni mafuta mengi, nyeusi ya kulowana ni oili inapita ringi, nyeupe ni joto. Ni msaada, ila uwe makini na umri wa mchoro. Ile yenye picha ya plagi yenye madoa ya risasi (ile metali, ledi) ni ya enzi za petroli iliyotiwa risasi, na Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia 2006, nchi ya mwisho duniani ikawa Algeria mwaka 2021. Leo ukikuta vumbi jekundu la matofali kwenye kaure mara nyingi ni dawa ya manganizi iliyochanganywa kwenye petroli, usikimbilie kusema kutu. Na lile duara la kahawia linalokaa kwa nje, pale kaure inapoingia kwenye chuma, kila mtu anasema gesi inavuja. Likague chini ya hadubini, utakuta limelala juu juu, halina mkwaruzo wala njia ya moshi. Ni chembe za oili zilizokuwa hewani zikavutwa na umeme mkali. Plagi hiyo ni nzima, irudishe.

Sasa nirudi kwa mwizi. Plagi zangu zilikuwa zimechakaa, sawa, lakini kuchakaa hakuelezi kwa nini alfajiri tu, kwa nini baada ya mvua. Plagi iliyolika inamisi hata saa nane mchana ukipanda mlima. Nikamwomba mzee afungue na kifuniko cha distribyuta.

Kwa wasiolijua dude hili, distribyuta ni mgawaji. Umeme mkubwa unatoka koili unaingia katikati ya kifuniko, unashuka kwenye rota inayozunguka, na rota ikipita mbele ya kila nguzo ndani ya kifuniko umeme unaruka kwenda kwenye waya wa plagi husika. Rota haigusi nguzo, kuna nafasi ndogo, kwa hiyo mle ndani muda wote kuna cheche. Na cheche kwenye hewa inatengeneza ozoni na gesi za naitrojeni, hizo zikikutana na unyevu zinakuwa asidi. Ndiyo maana kifuniko kina tundu la kupumulia na ndiyo maana likiziba vitu vya ndani vinaota ukungu wa kijani na mweupe. Nguzo zangu zilikuwa na ule unga mweupe, na ncha ya rota imeungua. Kwa macho hayo tu tungesema safisha, funga.

Kijana akakigeuza kifuniko chini ya lenzi polepole, tochi ubavuni, mara 10 tu, akasimama. "Bro, njoo uone mti." Na ni mti kweli. Kati ya nguzo ya plagi ya tatu na ukingo wa kifuniko kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kuliko uzi, haukunyooka, umegawanyika matawi, na kila tawi limegawanyika tena, unafanana na mzizi wa mkoko ukiuangalia kwenye tope. Kwa macho matupu nilikuwa nimeuona nikadhani ni mkwaruzo. Alipokuza mara 40 tukaona siyo mkwaruzo, ni shimo refu, plastiki imeungua na kuwa makaa, na makaa yanapitisha umeme.

Mti ule unaota hivi. Kifuniko kinapata utando wa vumbi na chumvi, na sisi huku pwani chumvi iko hewani, ukiegesha gari karibu na bahari asubuhi kioo kinanata. Chumvi ikiwa kavu haipitishi umeme. Lakini chumvi ya kawaida unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 inanyonya maji yenyewe na kuyeyuka, na usiku wa masika Tanga unyevu unapita hapo bila shida. Utando umekuwa maji ya chumvi, umeme unauona unauchukua kama njia, unavuja kidogo kidogo, unakausha sehemu moja, unaruka pale palipokauka, ile cheche ndogo inaunguza plastiki, doa la makaa linazaliwa. Kesho yake njia inaanzia kwenye lile doa. Inaendelea hivyo kila usiku wa unyevu mpaka mti unafika ukingoni. Jua likipanda injini ikipata joto, utando unakauka, kile kipande cha mwisho kinakatika, gari inakuwa nzima. Hapo ndipo nilipoelewa saa nne yangu.

Na nafasi ya plagi iliyotanuka ilisaidia, kwa sababu njia halali ilikuwa ngumu. Kwa hiyo plagi zilikuwa na kosa lao, ila msasa kwenye plagi usingetibu chochote, tungesugua, tungefunga, mchana gari ingetembea, na alfajiri tungekuwa pale pale. Msasa kwenye mti wenyewe ndiyo kabisa, unachimba mfereji na kusambaza makaa. Kifuniko chenye mti kinatupwa.

Mzee alipoona hivyo moyo wake ukachangamka, akaenda nyuma ya gereji akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Pointi za Land Rover ya shamba la mkonge, ya kizamani, Series III, ambayo anaihudumia kwa mtu. Pointi zake zinaungua kila baada ya muda mfupi na mwenye gari analalamika anauziwa feki.

Pointi ni vile vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta ya zamani vinavyokata umeme wa koili, hao ndio wakataji wa ghafla niliowasema. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika zinafunguka mara 100 kila sekunde. Nyuso zake zinatengenezwa kwa tangsteni, metali inayoyeyuka digrii 3,422 huko, na bado zinaliwa. Tulipoziweka chini ya lenzi upande mmoja ulikuwa na kilima chenye ncha, upande wa pili shimo, na ukizikutanisha kilima kinaingia kwenye shimo kama kinu na mchi. Metali haikupotea, imehama. Imetoka huku imeenda kujenga kule.

Kuhama kukiwa kudogo ni kawaida. Kukiwa kukubwa hivi kwa muda mfupi mtazame kondensa. Kondensa ni kale kakopo kadogo kamefungwa sambamba na pointi, uwezo wake kama maikrofaradi 0.2 hivi. Pointi zinapoanza kuachana umeme hautaki kusimama, unataka uruke pale pale pointi zilipo, kondensa inaupokea kwa ile nukta ya muda kama beseni linavyopokea maji unapofunga bomba, mpaka pointi zimeshaachana vya kutosha. Beseni likiwa dogo kupita kiasi metali inahama upande mmoja, likiwa kubwa kupita kiasi inahama upande mwingine, likifa kabisa pointi zinaungua zinakuwa bluu na gari karibu haitembei. Kwa hiyo kilima kile hakisemi pointi ni feki. Kinasema kondensa siyo ya gari hili. Nikamuuliza mzee kondensa aliitoa wapi, akasema aliifunga ya gari jingine kwa sababu iliingia.

Na hapo ndipo fila geji inapodanganya watu. Ukiingiza fila geji ya 0.4 kwenye pointi zenye kilima, geji inakalia juu ya kilima, unadhani umeweka 0.4 kumbe kwa upande wa shimo nafasi ni kubwa zaidi. Ukisema basi nipige msasa nisawazishe, punje za msasa zinakwama kwenye metali, zile punje hazipitishi umeme, zinatengeneza vituo vipya vya kuungulia. Tuliziona kwenye pointi nyingine ya mzee, zinang'aa kama sukari guru iliyomwagika juu ya kijivu.

Suala la feki nalo lipo kweli, sikatai. Iridiamu halisi ncha yake imeunganishwa kwa leza na ukiangalia mara 30 unaona mkanda wa kuungia umezunguka sawasawa, niliwahi kuuziwa zilizoandikwa iridiamu ambazo ncha yake ilikuwa nikeli iliyochongwa ikawa nyembamba, mkanda haupo kabisa. Lakini namba ya spea kuwa sawa au boksi kuwa zuri hakukuthibitishii kitu hata kwa wakubwa. Mwaka 2014 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani iliita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa kwa sababu ya swichi ya funguo, iliyokuwa inateleza yenyewe gari likiwa mwendoni, injini inazima na mifuko ya hewa haifunguki. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Ndani ya swichi kuna kipini na springi vinavyoishika isiteleze, na mwaka 2006 kipande hicho kilibadilishwa kikawa imara zaidi bila kubadilisha namba ya spea, kwa hiyo kwenye makaratasi swichi ya zamani na mpya zilikuwa kitu kimoja. Watu waliokuja kugundua tofauti walizifungua mbili wakaziweka pembeni pembeni.

Hadubini haioni kila kitu, na ukiitegemea peke yake utapotea. Plagi nyingi zina kizuizi ndani cha karibu omu 5,000, kikikatika nje hauoni chochote, chukua mita upime. Koili iliyoungua ndani ni hivyo hivyo. Ufa wa kaure nao unajificha hata kwenye mara 40, ila huo una dawa rahisi: paka wino kwenye ile sehemu ya juu inayong'aa, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa, ufa unabaki na mstari wa wino. Karakana za reli za zamani zilitafuta nyufa za ekseli kwa akili hiyo hiyo, wanapaka mafuta, wanafuta, wanapaka chokaa, mafuta yaliyoingia ufani yanarudi kuchafua chokaa.

Corolla ilifungwa kifuniko kipya, rota na plagi nne, na mzee akafuta waya zote kwa kitambaa kikavu. Imewaka kila alfajiri tangu hapo, na mvua bado inanyesha. Land Rover ilitafutiwa kondensa yake. Wiki sita baadaye mzee akaniita kazini kwake, pointi amezitoa mwenyewe, hajazifuta, amezifunga kwenye karatasi safi. Tukaenda kwa kijana, tochi ubavuni. Nyuso zote mbili zilikuwa za kijivu, zimefifia kama kioo cha bafuni, na katikati ya moja kulikuwa na kimwinuko kidogo ambacho tulikitafuta mpaka tukakipata.